Vilima Vinne na Jicho Moja

Wodi ya wazazi ilipokamilika katika kijiji alikozaliwa mke wangu, mbele kidogo ya Mkuyuni kwenye barabara ya Matombo, wanawake waliobeba mawe na mchanga wa msingi wake walinipa ukuta mmoja nichore. Ulikuwa ukuta wa barazani, mrefu wa hatua kumi na sita, unaotazamana na benchi ambalo wajawazito hukaa wakisubiri kuitwa na muuguzi. Walitaka wakikaa pale waione nchi yao. Nchi yao ni vilima vinne vya Uluguru, na kila kilima kina ukoo wake uliokilima tangu bibi wa kwanza alipofika na jembe.

Mwenyekiti wa kijiji hakutaka rangi. Yeye alitaka bango la kuchapishwa mjini, lenye picha ya mlima iliyopigwa kwa kamera nzuri, linalofika kwa basi likiwa limekunjwa na kutundikwa kwa nusu saa. Alikuwa ameshaletewa kipande cha mfano, na alikitembeza kwapani kila alikokwenda. Kamati ya wanawake ilishikilia msimamo wake, wakaafikiana hivi: nipewe wiki tatu. Siku ya mwisho kamati itatazama. Wasiporidhika, ukuta utapakwa rangi ya krimu kama kuta nyingine, na bango litatundikwa.

Kwao lilikuwa suala la ukuta. Kwangu lilikuwa zaidi. Kwa miaka ishirini niliandika mabango ya saluni, bucha na maduka ya dawa mjini Morogoro, nikachora simba na tai kwenye mabodi ya malori yanayopanda kwenda Gairo na Dodoma. Kisha zikaja mashine za kuchapisha. Kazi ya siku tatu ikawa ya dakika kumi, na wateja wangu wakaondoka mmoja mmoja, kwa adabu, wakiniuliza hali ya familia. Mwenye duka moja la mashine hizo aliniwekea nafasi ya kukaa kwenye kompyuta na kupanga herufi. Alitaka jibu mwisho wa mwezi. Nilimwambia mke wangu, na hakuna mwingine niliyemwambia, kwamba ukuta huu ukifutwa nitakwenda kukaa kwenye kiti hicho na brashi zangu nitazigawa.

Mke wangu alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso.

"Basi chora kama mtu anayetaka kubaki," alisema.

Jumamosi huwa nafundisha uchoraji kwenye chuo kidogo cha ufundi. Elimu yangu ya historia ya uchoraji wa Ulaya niliipata kwenye kitabu kisicho na jalada, nilichokinunua kwa muuza vitabu vya mitumba, na nimekisoma hadi kurasa zimelegea kama leso. Wanafunzi wangu hupenda sana sura ya kamera. Huwaeleza kwamba kuna wachoraji walioishi kwa kuchora nyuso za matajiri, na siku moja kikaja kisanduku kinachofanya kazi hiyo haraka, tena bila kukosea pua. Wengine waliacha kazi. Wengine walijiuliza ni kitu gani ambacho kisanduku kile hakioni, wakatoka nje na rangi zao kutafuta. Huwa nasimama hapo nikawatazama, maana najua wanajua kwamba nazungumzia mashine za mabango.

Siku tano za kwanza zilikuwa za maandalizi. Ukuta mpya una unyevu, na anayeupaka rangi kabla haujakauka anajitafutia mabaka. Nilipiga msasa, nikaziba nyufa, nikapaka prima, ile rangi ya chini inayotangulia nyingine. Wanawake waliokuja kliniki walikaa kwenye benchi na kunitazama, na kwa kuwa mimi ni mtu wa kueleza, nilieleza. Niliwaambia kwamba zamani wachoraji wa Ulaya walichanganya unga wa rangi na kiini cha yai.

"Yai la kuku?" aliuliza mmoja, mjamzito wa miezi minane hivi.

"La kuku. Linakauka upesi sana, kwa hiyo mchoraji hakuwa na nafasi ya kuchanganya rangi polepole. Ndipo wengine, huko kaskazini, wakakazania mafuta ya mbegu za kitani. Mafuta yanachelewa kukauka. Ukiweka kivuli leo, kesho bado unaweza kukilainisha. Mashavu yakaanza kuonekana mashavu, hariri ikaonekana hariri."

"Sisi bibi alitukataza yai tukiwa na mimba, ati mtoto atazaliwa hana nywele," alisema yule mjamzito. "Kumbe wenzetu walikuwa wanayapaka ukutani."

"Na hao ndio wenye vipara," alidakia mwenzake, na benchi zima likacheka.

Siku iliyofuata nilikaribia kuharibu. Niliwaeleza kwamba kabla ya kuvumbuliwa kwa vibomba vya bati vya kuwekea rangi, mchoraji hakuweza kutembea nayo mbali, maana waliihifadhi kwenye kibofu cha nguruwe. Mama mmoja aliyekuwa ameegemea ukuta alijitenga nao taratibu, akakung'uta bega la kanga yake.

"Na hii yako, fundi?"

"Hii ni ya kopo, mama. Imetoka dukani Morogoro, imefungwa na mfuniko."

"Tuoneshe mfuniko."

Niliwaonesha. Kopo lilipita mkono kwa mkono mpaka mwisho wa benchi, likarudi. Tangu siku hiyo nilichuja masimulizi yangu kabla ya kuyatoa.

Mama mkwe wangu alikuwa mmoja wa wanakamati. Kwa heshima ya ukwe, mimi na yeye hatutazamani usoni wala hatusemezani moja kwa moja. Akiwa na neno kwangu hulipeleka kwa mtu wa tatu, na kama hakuna mtu, hulipeleka kwa chombo. Siku zile chombo chake kilikuwa ndoo yangu ya maji.

"Ewe ndoo," alisema asubuhi moja akipita na mkungu wa ndizi kichwani, "mwambie fundi chai ipo kwa jirani, asifanye kazi na njaa."

"Ndoo," nilijibu nikiutazama ukuta, "mwambie mama nimeshukuru, na shikamoo."

"Marahaba, ndoo."

Siku ya sita nilianza kuchora. Sasa nieleze jambo ambalo ndilo mzizi wa yote, na nitalieleza kama ninavyowaeleza wanafunzi wangu. Ukisimama katikati ya barabara iliyonyooka ukaitazama inavyokwenda, utaona kingo zake mbili zinakaribiana, zinakaribiana, mpaka mbali kabisa zinagusana. Unajua hazigusani. Basi linapita huko bila tabu. Lakini jicho linaona zinagusana. Kwa miaka mingi sana wachoraji wa Ulaya walilijua hilo kwa kubahatisha tu. Mfalme walimchora mkubwa kwa sababu ni mfalme, na mtumishi mdogo kwa sababu ni mtumishi. Kisha, katika karne ya kumi na tano, mafundi wa Italia wakaipata kanuni. Mmoja wao alichora jengo la kanisa kwenye ubao, akautoboa ubao tundu dogo, akawaambia watu wasimame mahali alipokuwa amesimama yeye, wachungulie kwa jicho moja kupitia tundu lile kutoka nyuma ya ubao, huku wameshika kioo mbele yake. Waliona mchoro kwenye kioo, na kioo kikiondolewa waliona jengo lenyewe, wakashindwa kutofautisha. Kwangu mimi hilo ni miongoni mwa mambo makubwa yaliyowahi kufanywa na mtu mwenye brashi. Ukuta ulio bapa ukawa dirisha.

Nami nikafungua dirisha. Nilisimama barabarani mahali bodaboda zinapoegeshwa, kwa kuwa ndipo vilima vyote vinne vinapoonekana kwa pamoja, nikapima kila kitu kwa penseli iliyonyooshwa mbele ya jicho. Nikarudi ukutani, nikapiga msumari mahali mistari ya mbali inapokutana, nikafunga uzi uliopakwa chaki, nikauvuta na kuuachia mara kadhaa, mistari yote ikikimbilia kwenye msumari. Kilima cha kwanza, kilicho karibu na barabara, kikajaza nusu ya ukuta na migomba yake na minanasi. Cha pili na cha tatu vikafuata nyuma. Cha nne, cha mbali kabisa, kikatoka kwenye ukungu, na kwa sababu vitu vya mbali huonekana kama vimeoshwa na hewa, nilikipaka bluu hafifu. Kilikuwa na ukubwa wa kiganja. Siku ya tisa nilirudi nyuma, nikatazama, nikaridhika kabisa. Sijawahi kuchora vilima vizuri namna ile.

Wanawake wa kamati walikuja wenyewe kabla ya siku yao. Nadhani habari ziliwafikia. Walisimama wanane wakiwa wamefunga mikono, na hakuna aliyecheka.

"Hiki kidogo ni nini?" aliuliza katibu wa kamati, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde.

"Hicho ni kilima cha nne, mama. Cha kule juu."

"Cha akina nani?"

Kilikuwa cha ukoo wa mke wangu. Kilikuwa cha mama mkwe, aliyesimama mwisho wa mstari akiutazama msumari.

"Wale wa kilima cha kwanza walifika mwisho," alisema katibu, "tena walifika kwa kuomba. Bibi zao walipewa mahali pa kulima na bibi wa kilima cha nne. Kila mtoto hapa analijua hilo. Wewe umewafanya wageni kuwa wakubwa, na wenyeji umewafanya sisimizi. Halafu ukawapaka bluu kama sare ya shule."

"Msitusingizie sisi," alisema mwanamke wa ukoo wa kilima cha kwanza. "Hatukumtuma."

"Hamkumtuma, lakini naona hamlii."

Nilisema kosa si langu, ni la umbali. Neno hilo halikusaidia. Kwa hiyo nikafanya kama yule Mtaliano. Nilichukua katoni, nikaitoboa tundu, nikawaongoza wote wanane mpaka kwenye kituo cha bodaboda. Niliwaomba wachungulie mmoja mmoja kwa jicho moja na kukipima kilima cha nne kwa kidole gumba. Madereva wa bodaboda waliacha soga kutazama. Kila mama alichungulia, na kila mmoja alikiri kwamba ndiyo, kutoka pale, kidole kinakifunika kilima.

"Kumbe mchoro wako ni wa chongo," alisema katibu akinirudishia katoni.

"Si wa chongo, mama. Ni kanuni. Anayetazama amesimama mahali pamoja, hatikisiki."

"Amesimama hapa?"

"Hapa."

"Penye pikipiki." Aligeuka akawatazama wenzake. "Kuna mwenzetu aliyewahi kusimama hapa kutazama kwao?"

Aliyejibu ni mama mkwe, na kwa kuwa ndoo haikuwepo aliiambia pikipiki.

"Ewe pikipiki, mwambie fundi kilima hiki nimezaliwa juu yake, nimekilima, nimekibeba kichwani kila siku ya soko. Nakijua mgongo wake na tumbo lake. Hakijawahi kuwa kidogo hata siku moja." Akaondoka na njia ya kushuka, bila kungoja pikipiki ijibu.

Mwenyekiti alikuwa amefika wakati huo na kipande chake kwapani. Alinifariji kwa moyo mweupe. "Fundi, usiumie. Bango halina ukoo." Alikosea, maana picha ya bango ilipigwa na mtu aliyesimama palepale penye pikipiki. Lakini mimi sikuwa na haki ya kumcheka, kwa kuwa nilisimama hapo kabla yake.

Nilikaa peke yangu kwenye benchi mpaka karibu na adhuhuri. Mimi nilizaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba la miwa. Baba alitoka mkoa mwingine, majirani walitoka mikoa mingine, na hakuna kilima tulichokiita chetu. Nimezoea kuona nchi nikiwa barabarani, napita. Ndiyo maana sikuona tatizo kusimama penye pikipiki. Na nilikuwa nimeitetea kanuni ya wenzangu wa Italia kana kwamba ilikuwa sheria ya Mungu, wakati kitabu changu kisicho na jalada kinaeleza wazi, kurasa za mwisho, kwamba wachoraji wa Ulaya wenyewe waliichoka. Mwanzoni mwa karne iliyopita walianza kuuliza kwa nini tutazame kama mtu aliyefungwa kichwa. Mtu wa kweli anatembea. Anauona mtungi kwa juu akichota, kwa ubavu akiubeba, na kwa chini ukiwa kichwani kwa mwenzake, na kwake ni mtungi mmoja. Wakachora pande zote kwa pamoja. Baadhi yao waliipata njia hiyo baada ya kutazama sana vinyago vilivyotolewa kwetu Afrika, vilivyochongwa na watu ambao hawakuwahi kuambiwa kwamba lazima ufumbe jicho moja.

Wanafunzi wangu huniuliza, sasa mwalimu, kati ya hawa wa kwanza na hawa wa mwisho, nani alikuwa sahihi? Mimi huwajibu kwamba kila uvumbuzi ni jibu, na jibu huwa zuri au baya kutegemea swali. Swali langu lilikuwa: vilima hivi vinaonekanaje kwa mpita njia? Wanawake hawakuniuliza hivyo.

Nilifungua ndoo ya rangi nyeupe na kuufunika ukuta wote. Zilibaki siku kumi na mbili. Muuguzi alitoka na sindano mkononi, akaona kilima cha kwanza kinatoweka, akasema, "Mwalimu, umekata tamaa?" Nikamwambia hapana, na nilishangaa kusikia ni kweli.

Jioni ile nilimwendea katibu, nikamwomba jambo moja. Kila ukoo unitolee mtu wa kunionesha kilima chake mahali panapostahili kukitazamia. Sikujua kama mahali hapo pako. Alinitazama kama mtu anayeulizwa jua linachomoza upande gani.

"Si ni pale tunapotua mizigo?" alisema.

Katika njia za miguu za vilima vile kuna mahali pa kutua mzigo. Ni jiwe bapa, au shina la mti lililolala, kimo cha kiuno, ili mwanamke ashushe mkungu au furushi la kuni bila kusaidiwa na alipandishe tena kichwani bila kuinama. Kila njia ina kituo kimoja ambacho kila mtu hutua hata kama hajachoka, kwa sababu hapo ndipo kilima cha kwao kinapojitokeza chote. Nimeoa kule miaka kumi na minne, nimepumzika kwenye mawe hayo, na sikuwahi kuuliza kwa nini yako pale yalipo.

Kwa asubuhi nne nilipanda, kila siku na mwanamke wa ukoo mmoja. Nilibeba rangi kwenye makopo ya siagi na vipande vya ubao, kama wale waliotoka nje baada ya vibomba kuvumbuliwa. Kazi ya nje ni ya haraka. Saa moja kilima ni cha zambarau, saa mbili ni kijani chenye vumbi, saa nne kimekuwa cheupe kwa jua, na wewe una saa hizo tu. Niligundua kwamba kivuli cha migomba si cheusi, kina wekundu wa udongo uliomulikwa kutoka chini. Huwa nawafundisha wanafunzi jambo hilo. Sasa nililiona. Mwanamke wa kilima cha kwanza alinipeleka kwenye jiwe lake huku akiniambia, "Nasi usitupunguze kwa kulipiza." Wa kilima cha pili alikaa akamenya chungwa, akaniambia niongeze minazi miwili ambayo haipo tena, ilianguka, lakini yeye huiona. Nikaiongeza.

Wa kilima cha nne alikuwa mama mkwe mwenyewe. Alitangulia mbele hatua hamsini hivi, na furushi la majani ya ndizi kichwani, mimi nikifuata. Njia ikigawanyika, alikohoa upande wa kufuata. Tulipanda mwendo wa saa mbili bila neno. Kwenye kona moja, chini ya mikarafuu, alitua furushi juu ya jiwe, akasimama akiwa amenipa mgongo, akavuta pumzi mara tatu, akajitwisha tena na kuendelea na safari. Nilipofika kwenye lile jiwe nikainua macho. Kilima kilikuwa mbele yangu chote, kuanzia mashamba ya maharage mpaka msitu wa kileleni, kikubwa hadi nikarudisha kichwa nyuma. Na kilikuwa kijani, si bluu hata kidogo.

Siku nane zilizobaki nilichora kuanzia asubuhi mpaka mwanga unapoisha. Sikupiga msumari. Ukuta niliuchora kama njia. Ukianzia kwenye mlango wa muuguzi ukatembea kuelekea mwisho, unafika kwenye jiwe la kwanza, na kilima cha kwanza kinasimama mbele yako kwa ukubwa wake. Ukiendelea kinakwenda nyuma ya bega, jiwe la pili linakuja. Kila kilima kinatazamwa kutoka kwake. Ukikaa mbali na kutaka kuviona vyote kwa mara moja, mistari inagombana, na mwanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza angesema nimekosea. Vivuli nilivilainisha kwa mafuta, na hewa ya asubuhi niliiweka kwa madoa madogo ya rangi yaliyokaa kandokando bila kuchanganywa, ambayo jicho huyachanganya lenyewe. Nilikopa kwa wote, nikamshukuru kila mmoja kimoyomoyo.

Siku ya kutazama, kamati ilikuja, na mwenyekiti, na kipande cha mfano. Watu wengine walijaa nje. Mwenyekiti alisimama katikati ya baraza, akatazama kushoto na kulia, akasema kile nilichotarajia.

"Fundi, mimi hainikai machoni. Naona vilima vinne, kila kimoja kinadai kuwa ndicho mbele."

Nilifungua kinywa nieleze. Mlango ukafunguliwa, muuguzi akatoka na mama kijana aliyekuwa na uchungu wa mwanzo. Ilikuwa mimba yake ya kwanza. Muuguzi alimwambia atembee, njia bado haijafunguka vya kutosha, asilale, aende mpaka mwisho wa baraza na kurudi. Hakuwa na habari na mkutano wetu. Alianza kutembea, mkono mmoja kiunoni, mwingine ukipapasa ukuta uliokwisha kukauka. Sisi tukasogea kumpisha.

Alipofika mbele ya kilima cha pili uchungu ulimshika. Aliegemea jiwe nililolichora, akafumba macho.

"Wewe, hapo si kwenu," katibu alimtania kwa upole. "Kwenu ni mbele. Sogea ukatue kwenu."

"Uchungu haujui ukoo, mama," alisema yule binti kwa meno yaliyokazana, na wanawake wakacheka naye, wakampangusa jasho.

Ulipopita akaendelea. Kilima cha tatu. Akafika cha nne, akasimama bila kushikwa na uchungu wowote, akatazama juu. Aligusa mahali fulani kwenye mashamba ya maharage, akasema, si kwa yeyote kati yetu, "Nyumba ya bibi ingekuwa hapa." Kisha akageuka kurudi.

Mwenyekiti aliuliza kamati inasemaje, maana yeye ana safari ya Morogoro.

"Subiri," alisema katibu. "Amalize kupita."

Alipita mara nyingi. Wanawake walianza kutembea naye kwa zamu, kila mmoja akimsimulia mambo ya kilima anachokipita, nani alizaliwa wapi, wapi pana maji yasiyokauka. Mwenyekiti aliangalia saa, akaegemea nguzo, akatazama. Baada ya muda naye aliondoka kwenye nguzo. Alitembea nyuma yao polepole kuanzia mlangoni, akasimama mbele ya jiwe la tatu, ambalo ni la ukoo wa mama yake. Alikaa pale muda mrefu kuliko nilivyotegemea.

Hakukuwa na kura. Mama mkwe aliinama akaichukua ndoo yangu, akaiosha bombani na kuirudisha karibu na miguu yangu.

"Ndoo," alisema, "mwambie fundi ukuta wa upande wa pili nao uko wazi."

Kesho yake nilimpigia simu mwenye duka la mashine, nikamshukuru, nikamwambia atafute mtu mwingine. Lakini siku ile, kabla sijaanza kukusanya brashi, mwenyekiti alinijia. Kipande cha bango alikuwa amekikunja mara nne na kukitia mfukoni mwa koti.

"Fundi," aliuliza kwa sauti ya chini, "huu ukuta watakuwa wanaushika kila siku. Unaoshwa kwa sabuni?"

Nilimwambia unaoshwa, kwa sabuni laini na kitambaa kisicho na mchanga, tena asisugue, apitishe tu.